Samadi, Mvua na Hukumu ya Maji

Miongoni mwa mambo ambayo fiqhi, yaani elimu ya hukumu za dini, imeyachambua kwa makini zaidi ni maji: lini yanatwaharisha na lini yameharibika. Katika Kasongo na Kabambare, mkoani Maniema mashariki mwa Kongo, ambako Uislamu uliingia katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, jambo hilo linagusa ndoo ya kunywa kama linavyogusa birika la udhu, kwa kuwa aghalabu maji ya vyote viwili hutekwa mtoni au kwenye chemchemi ileile.

Samadi, yaani kinyesi cha mifugo kinachorudishwa ardhini kiwe mbolea, ni neema kwa nyasi, na mvua ni rehema. Lakini mvua kubwa ikiikuta samadi iliyomwagwa karibuni, maji yasiyopenya udongoni huteremka bondeni yakizoa fosforasi na naitrojeni, ambazo huotesha mwani majini, pamoja na bakteria wa matumboni wanaoleta kuhara. Kadiri siku zinavyopita kabla mvua ya kwanza haijanyesha, ndivyo uchafu huo unavyopungua.

Madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, huhesabu kinyesi hicho kuwa najisi, ilhali ya Maliki huona cha mnyama anayeliwa kuwa twahara. Hata hivyo, kwa Washafii, maji yaliyofika kulla mbili, kipimo ambacho wengi hukikadiria kuwa lita 200 hivi, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Mto Luama, unaomwaga maji yake Lualaba, unazidi kipimo hicho mno. Bakteria, kwa upande wao, hawana rangi wala harufu, hivyo maji yanaweza kusihi kwa udhu na bado yakamuua mtoto mchanga. Upungufu si wa kipimo, kilichowekwa kwa ajili ya ibada, bali wa anayekitumia kujibu swali la uhai, ambalo fiqhi hulijibu kwa kanuni nyingine, ile inayokataza kudhuru. Mtume mwenyewe alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama, wala katazo hilo halikusubiri rangi ibadilike.

Basi aliyemwaga samadi hawezi kuisingizia mvua, kwa sababu mvua haina nia, naye anajua kwamba kusini mwa Maniema kiangazi cha Juni hadi Agosti hukatika, na ndiye anayechagua siku, mteremko, na kama ataacha ukanda wa nyasi usiotiwa mbolea kando ya kijito ili upunguze kasi ya maji. Uchaguzi huo ndio wenye dhima, na jirani wa bondeni, asiyeulizwa lolote, ana haki ndani yake.