Mwandiko wa Daktari na Amri ya Tano

Watu huufanyia mzaha mwandiko wa madaktari, na madaktari wenyewe hucheka pamoja nao. Lakini huko Odessa, katika jimbo la Texas, Marekani, mwandiko huo ulileta msiba. Mwaka 1995 daktari mmoja alimwandikia mgonjwa wake dawa ya maumivu ya moyo iitwayo Isordil, miligramu 20, mara nne kwa siku. Mwuza dawa akasoma Plendil, dawa ya kushusha shinikizo la damu, ambayo kipimo chake hakizidi miligramu 10 kwa siku nzima. Mgonjwa akaimeza kama alivyoagizwa. Moyo ukamshinda, hatimaye akafa. Mwaka 1999 wazee wa baraza la mahakama waliamua kwamba daktari na mwuza dawa wote wawili wawajibika kwa kifo kile.

Wako watakaosema kwamba daktari hakukusudia kuua, tena dawa aliyoichagua ilikuwa sawa. Ni kweli. Lakini Amri ya Tano haikatazi kisu na sumu tu. Kanisa hufundisha kwamba mtu aweza kuwa na hatia hata kwa jambo asilolitaka, ikiwa limetokana na uzembe wake, naye alipaswa kulitazamia. Na ni daktari gani asiyejua kwamba cheti chake kitasomwa na mtu ambaye hakuwapo chumbani?

Mwuza dawa naye alipaswa kushtuka kwa kipimo kile na kuuliza. Hata hivyo, maneno matatu tu, yaani "maumivu ya moyo", yangaliweza kumzindua. Ndiyo maana twaona kwamba neno lililokosekana lina uzito kuliko herufi mbaya. Jalada litajalo dawa bila sababu yake humwacha muuguzi wa usiku na daktari wa kesho gizani. Iendelee hata lini? Na ile ya zamani iliachwa kwa kuwa mgonjwa amepona, au kwa kuwa ilimdhuru?

Hata alama ndogo ina hatari. Mwaka 2004 chombo kinachokagua hospitali huko Marekani kilikataza kuandika herufi U mahali pa neno "uniti", kwa sababu ilipata kusomwa kama sifuri, na uniti 4 za insulini zikageuka 40. Kompyuta huondoa tatizo la mwandiko. Lakini kidole chaweza kugusa jina la jirani katika orodha, na kosa likachapwa kwa herufi nzuri kabisa.

Madaktari watajibu kwamba foleni imefika mlangoni. Jibu hilo si la kudharauliwa. Lakini dakika iliyookolewa hapo hulipwa na mgonjwa, naye mara nyingi ni yule asiyeweza kukisoma cheti chake wala kuthubutu kuuliza. Basi wasimamizi wa hospitali zetu za misheni, kabla hawajamkaripia daktari kwa jalada lisilokamilika, wahesabu kwanza ni dakika ngapi wamempa kwa kila mgonjwa.