Reli ya Miji Miwili ya Mifereji

Mlima Meru unapojitokeza asubuhi hii juu ya Arusha, yafaa kuikumbuka safari fupi ya treni kwenda Moshi. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na Arusha mwaka 1929. Kwa takriban miaka 30 Arusha haikuwa na treni ya abiria, hadi iliporejea mwaka 2020.

Mbali na reli, miji yote miwili imelelewa na maji ya mlimani.

Wachaga walichimba mifongo, yaani mifereji ya maji, Kilimanjaro zamani kabla ya reli. Wameru na Waarusha nao wana mifereji yao. Mwenye zamu huondoa mawe na udongo yanayoziba mfereji wa kwenda shambani kwake, maji yakaingia migombani. Zamu ikiisha huziba, jirani naye apate. Anayepanga mapumziko Moshi atenge muda wa kupanda hadi Machame aione kazi hiyo.