Wosia wa Rubani



Jenerali Francis Ogolla alifariki Alhamisi, tarehe 18 Aprili 2024. Jumapili iliyofuata alikuwa ameshazikwa kwao Alego, kaunti ya Siaya, bila jeneza. Mkuu wa majeshi yote ya Kenya, Rais akiwepo, heshima zote za kijeshi zikitolewa, aliingia kaburini bila sanduku kwa sababu mwenyewe alikuwa ameacha neno kwa watu wake: asikae zaidi ya saa 72 kabla ya kuzikwa, na asinunuliwe jeneza.

Nataka tumtafakari mtu huyu wiki hii. Naamini alituachia sisi wa mtaa wa Pipeline, Nairobi, jambo ambalo bado hatujalipokea.

Alizaliwa mwaka 1962, akajiunga na jeshi mwaka 1984. Wazee wetu waliokuwa Eastlands siku hizo wanajua jeshi la anga lilikuwa na kidonda kibichi. Jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 lilianzishwa na wanajeshi wa anga, na baada yake kikosi kizima kilivunjwa na kuwekwa chini ya jeshi la nchi kavu. Hapo ndipo kijana huyu alipoingia. Alipelekwa Marekani kufunzwa urubani wa ndege za kivita, akarudi akawa mwalimu wa marubani wengine. Alirusha F-5, zile ndege nyembamba zenye makao Nanyuki ambazo tunaziona sikukuu za taifa zikipita mara moja tu, na mngurumo ukizifuata nyuma. Mwaka 2018 alipewa jeshi zima la anga kuliongoza. Aprili 2023 akawa Mkuu wa Majeshi, na hakumaliza mwaka kwenye kiti hicho.

Kuna mambo mawili katika masomo yake ambayo siwezi kuyapita. La kwanza, alisomea uchunguzi wa ajali za ndege. Kazi hiyo ni ya kuinama juu ya vyuma vilivyoungua na kuuliza: nini kililegea, nani alijua, dakika ya mwisho ilikuwaje? La pili, alisoma Paris, kwenye chuo cha kijeshi cha École Militaire, katika nchi ambayo baadhi ya marubani wa kwanza wa kivita duniani walitoka.

Mmoja wao alizaliwa katika bahari yetu hii ya Hindi, kisiwani Réunion, mwaka 1888. Wengi wanalijua jina lake kwa tenisi: Roland Garros. Kabla ya uwanja ule kuitwa kwa jina lake alikuwa rubani. Septemba 1913 alivuka bahari ya Mediterania peke yake, kutoka kusini mwa Ufaransa hadi Bizerte nchini Tunisia, karibu saa 8 angani katika ndege ya injini moja, akatua petroli ikiwa karibu kuisha. Vita vilipokuja, yeye na mafundi wake walifunga vipande vya chuma kwenye mapanga yanayozunguka mbele ya ndege ili bunduki iweze kufyatua kuelekea mbele na risasi zikigonga panga ziteleze kando. Tarehe 1 Aprili 1915 aliangusha ndege ya adui kwa njia hiyo. Siku chache baadaye alilazimika kutua upande wa Wajerumani na kutekwa. Ilikuwa tarehe 18 Aprili, tarehe ileile ya jenerali wetu. Alikaa kifungoni karibu miaka 3, akatoroka mapema mwaka 1918 kwa mavazi ya ofisa wa Kijerumani, na badala ya kupumzika akarudi angani. Aliuawa tarehe 5 Oktoba 1918. Kesho yake angetimiza miaka 30, na vita vilikuwa vimebakisha wiki 5 hivi.

Ninasimulia haya ili tuone kwamba rubani wa kivita, tangu wale wa kwanza, hupewa kazi pamoja na kifo chake mkononi. Kabla hajapanda hukagua mafuta, usukani, mabawa. Hapimi ujasiri wake kwa kukataa kuiona hatari, bali kwa kuihesabu na kupanda. Nadhani Ogolla alikuwa amezoea hesabu hiyo kwa muda mrefu, hata ikamfuata nyumbani, mezani kwa mkewe na watoto wake. Mtu aliyefunzwa kuchunguza mabaki ya ndege hawezi kuona haya kuwaambia wanawe jinsi ya kumzika.

Siku aliyokufa, Ogolla alikuwa amekwenda kaskazini mwa Bonde la Ufa, kuwatembelea askari walio kwenye operesheni dhidi ya majangili wa mifugo na kukagua ukarabati wa shule zilizofungwa kwa sababu ya ujangili huo. Helikopta ilianguka muda mfupi baada ya kuruka kutoka shule ya wavulana ya Cheptulel. Wanajeshi wengine tisa walikufa pamoja naye, na wawili wakapona. Tusiwasahau wale tisa tunapomtaja mkubwa wao. Nao walikuwa na wake, wazazi, na watoto waliowasubiri jioni.

Sasa turudi kwetu. Mnajua kikao cha mazishi kinavyokuwa. Saa moja jioni, watu wametoka kazini Industrial Area wakiwa bado na vumbi, wamepanda ngazi hadi chumba cha mfiwa ambacho kina kitanda, jiko na viti vya kuazima. Daftari linafunguliwa. Mwekahazina anasoma: bili ya hospitali, mochari kwa siku, jeneza, gari la kusafirisha mwili, basi la waombolezaji, hema na viti, spika, ng'ombe, picha na video, fulana zenye sura ya marehemu. Mtu anasema jeneza lile la bei nafuu litatuaibisha huko nyumbani. Hakuna anayempinga, maana nani atataka kuonekana anamwonea marehemu uchoyo? Jumla inapanda. Mchango unakwama katikati. Siku zinaongezwa ili pesa zitafutwe, na kila siku inayoongezwa mochari nayo inadai chake. Mwishowe mjane anakopa kwa simu, kwa jina lake, usiku. Wiki mbili baada ya matanga keretaka anagonga mlango kuulizia kodi, na wale waliotaka jeneza lenye vioo wako makwao.

Sisemi hivi kuwadharau wanaolia kwa heshima. Mchango wa mazishi ni mojawapo ya mambo mazuri tuliyo nayo. Mtu ambaye hakujua jina la jirani yake wa orofa ya sita anatoa mia mbili ili jirani huyo arudishwe kwao, na huo ni upendo wa Injili. Na kwa mzee aliyeondoka Busia au Kitui akiwa kijana, kulazwa kando ya mama yake si anasa. Yakobo naye aliwaagiza wanawe wasimwache Misri, wampeleke Makpela walikozikwa baba zake. Ninacholia nacho ni aibu, ile hofu ya watu watasema nini, inayovaa nguo za upendo na kukaa mbele kwenye kikao.

Na aibu hiyo haiwezi kufukuzwa na mjane. Hana nguvu siku hiyo. Haiwezi kufukuzwa na mchungaji pia, nimejaribu. Mwenye uwezo huo ni marehemu peke yake, akiwa bado hai. Jenerali wa Alego angeweza kupewa jeneza lolote ambalo nchi hii ingeweza kununua, na desturi ya kwao, kama ya wengi wetu, ni kumlilia mkubwa kwa siku nyingi. Lakini alikuwa amesema. Basi hakukuwa na haja ya kamati kujadili, wala sababu ya jamaa kuitwa bahili. Majirani zetu Waislamu wanazika hivi kila siku, upesi na kwa sanda, tajiri na maskini sawasawa. Bwana wetu mwenyewe alifungwa kwa kitani akalazwa katika kaburi la mtu mwingine kabla jua halijatua.

Lakini kusema ni nusu ya jambo. Yusufu aliwaapisha ndugu zake juu ya mifupa yake, na ikapita miaka mingi mno hadi Musa alipoibeba kutoka Misri, watu wakiwa na haraka ya kukimbia, na hatimaye ikazikwa Shekemu. Kulikuwa na vizazi vilivyolishika neno ambalo hawakulisikia kwa masikio yao. Familia ya Ogolla nayo ilikuwa na saa 72, taifa zima likiwatazama, na walitii. Nawaheshimu kwa hilo kuliko ninavyoweza kueleza. Wengi wetu tungetafuta sababu.

Ndiyo maana Jumapili hii, baada ya ibada ya pili, wazee wa kanisa watakuwa na karatasi na kalamu nyuma ya ukumbi. Kijana usipite ukidhani ni ya wazee. Garros hakufika miaka 30, na kati yenu wapo wanaoendesha boda boda Outer Ring usiku. Andika unataka kuzikwa wapi, baada ya siku ngapi, kwa kitu gani, na kiasi ambacho watu wako wasipitishe. Andika unayemdai na anayekudai. Andika nani awe na neno la mwisho kikao kikigawanyika. Nakala moja ikae kanisani, nyingine uipeleke nyumbani umsomee mkeo au mumeo kwa sauti, na asipotaka kusikia, ngojea siku nyingine umsomee tena. Yangu na ya mama mchungaji tumeshaziandika. Mzee wa kanisa anazo, na mjue kwamba zinakataza fulana.