MIMI? SIJATUMIA!



Labda umepewa karatasi hii hapa uwanjani, au umeikuta kwenye kiti cha basi stendi ya Masasi, au umefungiwa karanga ndani yake. Vyovyote iwavyo, isome mpaka mwisho kabla hujaitupa. Haikuombi pesa. Hatukuulizi ulilelewa kanisani, msikitini, au hukulelewa popote. Leo tuongee habari za mbio.

Tarehe 13 Oktoba 2024, mjini Chicago kule Marekani, dada mmoja wa Kenya, Ruth Chepngetich, alikimbia marathoni, kilomita 42 na ushee, kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 56. Hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kushuka chini ya saa 2 na dakika 10. Rekodi ya zamani ilikuwa ya Tigst Assefa wa Ethiopia, saa 2, dakika 11 na sekunde 53. Ruth akaipita kwa karibu dakika mbili! Wanaojua mbio ndefu wanakwambia rekodi huwa inang'atwa sekunde chache chache, kama panya anavyong'ata gunia. Huyu alichana gunia zima.

Siku hiyohiyo, mbele ya waandishi wa habari, akaulizwa: watu watasema muda huu umezidi, watasema umetumia dawa, utawajibu nini? Akajibu kwamba yeye hajui, watu lazima waseme.

Kenya ikawaka moto! Chama chao cha riadha kikasimama upande wake. Wabunge mjini Nairobi wakamtetea. Mwandishi aliyeuliza swali akasemwa kila neno. Na huku kwetu, kwenye vibanda vya chai, si tulisema? "Hawa hawapendi kumwona Mwafrika akishinda. Ni wivu tu!" Nakiri mbele yako kijana, na mimi nilisema hivyo. Nilisema kwa sauti kubwa, kikombe mkononi, na sikuwa na ushahidi hata punje moja. Nilimtetea kwa sababu ni wa kwetu. Basi.

Tarehe 14 Machi 2025 wapimaji wakachukua mkojo wake. Ndani yake wakakuta dawa iitwayo haidroklorothiazaidi. Jina refu, lakini dawa yenyewe unaijua. Ni dawa ya presha, inamfanya mtu akojoe sana, na bibi zetu wengi wanaitumia. Kwa mwanariadha imekatazwa. Unajua kwa nini? Siyo kwamba inakupa mbio. Imekatazwa kwa sababu inaweza kuzifanya dawa nyingine zisionekane kwenye mkojo. Sikia vizuri hapo: ni dawa ya KUFICHA. Kiwango ambacho maabara hutakiwa kukitolea taarifa ni nanogramu 20 katika mililita moja. Yeye alikutwa na 3,800.

Mwanzoni alisema hajui imeingiaje. Baadaye akaandika kwamba aliugua, akameza dawa ya msichana wake wa kazi bila kuangalia ni dawa gani. Wachunguzi wa riadha ya dunia hawakulikubali jambo hilo. Tarehe 23 Oktoba 2025 wakatangaza kwamba amefungiwa miaka 3. Rekodi yake ya Chicago hawakuifuta, maana mkojo ule ulikuwa wa miezi mitano baadaye, na mimi sina haki ya kusema zaidi ya walivyosema wao. Karatasi hii haikuandikwa kumpiga mawe dada Ruth.

Imeandikwa kwa sababu yetu sisi tuliokuwa tunaangalia.

Maana uliona tulivyofanya? Alipokana, tulipiga makofi. Alipoanguka, tukacheka. Watu walewale! Vichekesho vya msichana wa kazi vikazunguka kwenye simu. Siku moja vijana wananisimulia huku wanashika mbavu, mmoja wao, aliyekuwa amekaa pembeni, akauliza: "Sasa mtumishi, na yule msichana wa kazi, yeye alisemaje?" Kimya. Hakuna aliyekuwa amewaza kuuliza. Mimi sijawahi hata kusikia jina lake.

Swali lile lilinichoma. Lilinichoma kwa sababu nami nina "msichana wa kazi" wangu. Ngoja nikwambie.

Nikiwa kijana kama wewe, msimu wa korosho, baba alinituma nikajaze gunia la mwisho la shamba letu. Korosho zilikuwa pungufu. Nikaongeza kokoto katikati, nikashona gunia vizuri, tukapeleka ghalani. Karani mmoja mzee akachoma bambo. Likagonga jiwe. KO! Sauti ile naisikia mpaka leo. Watu wote foleni wakageuka. Karani akamwangalia baba, baba akaniangalia mimi. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Mimi? Sijaweka mimi. Gunia hili alijaza mdogo wangu."

Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi. Jioni ile alichapwa. Mimi nilikula ugali kwa mboga ya kisamvu, nikashiba, nikalala. Angalau nilijifanya nimelala. Kokoto zile zilikuwa dhambi ya dakika mbili. Uongo ule niliulisha na kuunywesha miaka kumi na moja.

Kijana, wewe gunia lako ni lipi?

Labda ni mtihani, ulipewa majibu na ukaapa kwa jina la mama yako hukupewa. Labda ni pesa za ushuru ulizokabidhiwa. Labda ni yule binti wa kijiji cha jirani. Alikuja na mama yake, tumbo limeanza kuonekana, wazee wakakuita ukumbini. Ukasema: "Mimi? Simjui huyu." Na rafiki zako kijiweni wakakupiga bega: "Safi sana mwana, usikubali!" Wale wanakupenda, lakini wanakusaidia kukana. Na mtoto anakua, anafanana na wewe mpaka kucha.

Nenda Newala siku moja usimame pale panapoitwa Shimo la Mungu. Ardhi inakatika miguuni pako, unaona bonde lote chini, mto Ruvuma, na Msumbiji ng'ambo. Mtu anayepita kule bondeni kwenye vichaka anajiona yuko peke yake. Wewe uliye juu unamwona anakotoka na anakokwenda. Sasa kama wewe uliyepanda tu juu ya mwamba unaona hivyo, YEYE je?

Usidhani kukana ni ugonjwa wa Kenya peke yao. Mwaka 1988, mjini Seoul, Ben Johnson wa Kanada alishinda mita 100 kwa sekunde 9.79. Siku tatu tu baadaye akanyang'anywa medali. Akakana. Mwaka uliofuata, mbele ya tume ya uchunguzi kwao, akiwa chini ya kiapo, akakubali kwamba alitumia. Na tangu zamani za Biblia ndivyo ilivyo. Soma habari za Gehazi, Wafalme wa Pili sura ya 5. Huyu naye alikuwa mkimbiaji! Nabii Elisha alimponya Naamani ukoma, akakataa zawadi zake. Gehazi mtumishi wake akaona hasara hiyo, akalikimbilia gari la Naamani mpaka akalifikia, akadanganya kwamba bwana wake amemtuma, akapewa fedha na nguo, akazificha nyumbani. Akarudi akasimama mbele ya Elisha, jasho halijakauka. Elisha akamwuliza ametoka wapi. Akajibu kwamba hakwenda mahali popote.

Hebu fikiri. Elisha alikuwa anajua tayari! Alimwambia mwenyewe kwamba roho yake ilikuwa naye pale njiani. Basi kwa nini aliuliza? Aliuliza ili kumpa Gehazi mlango. Swali lile lilikuwa mlango uliofunguliwa, na Gehazi akaufunga kwa mkono wake. Akatoka pale na ukoma wa Naamani mwilini.

Sasa mwangalie mwingine, Petro. Usiku Yesu alipokamatwa, Petro alikuwa anaota moto uani kwa kuhani mkuu. Nani alimtambua? Marko 14 inasema ni kijakazi, MSICHANA WA KAZI! Petro, mwanaume mzima, mvuvi mwenye mikono migumu, akatetemeka mbele ya msichana wa kazi, akakana. Akakana tena. Mara ya tatu akaapa na kujilaani. Jogoo akawika, Petro akaenda nje akalia kwa uchungu.

Gehazi na Petro wote walikana. Tofauti ni kwamba mmoja alilia. Siku nyingi hazikupita, Yesu aliyefufuka akamkuta Petro ufukweni, na pale pakawa na moto wa makaa tena (Yohana 21). Akamwuliza swali moja mara tatu, kwa kila kukana swali lake. Hakumwaibisha mbele ya kijiji. Alimpa samaki kwanza, wakala, ndipo akauliza.

Kuna jambo lilinishangaza katika hukumu za riadha, na nataka ulishike. Jemima Sumgong, mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, Rio mwaka 2016, alikutwa na dawa ya kuongeza damu mwaka 2017. Akafungiwa miaka 4. Lakini alileta karatasi za hospitali kueleza jinsi dawa ilivyoingia mwilini, na uchunguzi ukaonyesha karatasi hizo ni za kughushi. Mwaka 2019 adhabu ikawa miaka 8. Kosa lilikuwa na uzito wake, na kule kulifunika kukaongeza mwingine sawasawa na huo. Ruth Chepngetich alistahili miaka 4. Lakini mwishoni alikubali kosa mapema na kupokea adhabu, ndipo wakampunguzia mwaka mmoja, ikawa 3. Kwa hiyo hata sheria za wanadamu, sheria za viatu na saa, zimemwekea mtu anayekubali mlango mdogo wa kupitia.

Kama watu wa riadha wanapunguza mwaka mmoja, Mungu anapunguza nini? Yohana katika waraka wake wa kwanza, sura ya 1, anasema tukiziungama dhambi, Mungu anatusamehe na kutusafisha na udhalimu WOTE. Siyo robo. Siyo nusu. Yote! Kwa sababu kuna Mmoja aliyesimama mbele ya waamuzi hana kosa, akashtakiwa kwa uongo, wala hakumsingizia mtu. Alibeba gunia la kokoto ambalo hakulijaza yeye. Mdogo wangu alichapwa kwa lazima. YESU ALIJITOA MWENYEWE.

Lakini sikudanganyi kijana, maana wengine wanahubiri wokovu kana kwamba ni sabuni ya kufulia. Ruth bado amefungiwa mpaka Aprili 2028. Wazee wanaweza kukutoza faini. Mtoto atataka maziwa na ada. Msamaha wa Mungu haufuti deni la jirani yako, unakupa miguu ya kwenda kulilipa.

Nilipookoka, jambo la kwanza Roho Mtakatifu alilonikumbusha lilikuwa lile gunia. Nilibishana naye wiki nzima. Nilimwambia, Bwana, mambo ya utotoni hayo. Mwisho nikapanda gari kutoka Masasi kwenda Newala, kule mdogo wangu anakoendesha pikipiki. Nikamkuta kijiweni kwake anafuta vumbi kwenye kiti. Nikamwambia mbele ya wenzake: zile kokoto niliziweka mimi.

Hakushtuka. Aliendelea kufuta kiti. Akasema, "Kaka, najua. Nilikuona unaziokota. Nilikuwa nasubiri useme."

Miaka kumi na moja mtoto yule alikuwa amekaa na ukweli wangu mfukoni mwake! Nililia pale stendi kama mtoto, abiria wanaangalia.

Kijana, kuna mtu anasubiri useme. Omba pamoja nami sasa hivi, hapo ulipo, hata kama ni kwa kunong'ona. Pale penye mstari, jaza wewe mwenyewe. Usiandike, taja tu kwa mdomo wako:

Bwana Yesu, nimechoka kuficha. Mimi ndiye niliye_____________. Hakuwa mwingine, nilikuwa mimi. Nilimsingizia_____________. Naamini ulikufa kwa ajili ya jambo hili, ukafufuka. Nisamehe, unioshe, uwe Mwokozi wangu tangu leo. Nipe nguvu ya kwenda kwake kabla juma hili halijaisha. Amina.

Kama umeomba hivyo, njoo upande wa kulia wa jukwaa baada ya mahubiri, jioni yoyote ya mkutano huu. Hatutaandika jina lako wala hatutakutangaza kwenye kipaza sauti. Na kama unaogopa kwenda peke yako kwa binti yule, au kwa baba yako, au kwa karani, sema tu. Mmoja wetu atakusindikiza.