Pete ya ndege na deni letu

MWANAFUNZI wangu mmoja aliwaona korongo weupe wakiokota wadudu katika mashamba ya Karatu. Alipoambiwa kuwa baadhi yao huvishwa pete za miguuni na watafiti wa Ulaya, akauliza: “Ustadhi, ni halali kumkamata kiumbe asiye na kosa, kumtia hofu, kisa mtu anataka kujua anakwenda wapi?”

Ni swali zito. Zamani wako wasomi wa Ulaya walioamini kuwa mbayuwayu hulala chini ya maji wakati wa baridi. Mwaka 1822, huko Klütz, Ujerumani, aliuawa korongo mwenye mshale wa Kiafrika shingoni, ikawa ushahidi kuwa ndege husafiri. Mwaka 1899 mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, akaanza kuwavisha ndege pete za alumini zenye namba. Jirani zetu wa Kenya wanafanya kazi hiyo Ngulia, Tsavo, tangu 1969. Ndege hunaswa kwa nyavu laini, hupimwa, huvishwa pete na kuachiwa.

Kwa elimu hiyo tunajua kuwa korongo anayekula nzige na viwavijeshi Karatu na Ngorongoro hupitia Uturuki, Sham, Sinai, Misri na Sudan. Akiuawa njiani, mkulima wetu amepoteza msaidizi.

Sasa turudi kwenye hukumu. Qur’an (6:38) inatufundisha kuwa ndege ni umma kama sisi. Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Mtume (s.a.w.) aliamuru makinda yarudishwe kwa mama yao aliyekuwa akihangaika. Kwa hiyo hofu ya ndege ina uzito katika dini. Lakini sheria hiyo hiyo imeruhusu kuwinda kwa haja ya chakula. Ikiwa kumchinja kwa haja kumeruhusiwa, kumshika kwa dakika chache kisha kumwachia, kwa maslahi ya umma wake na wetu, kuna nafasi zaidi ya kuruhusiwa.

Hata hivyo nia njema peke yake haitoshi. Mshikaji awe amefunzwa, pete iwe nyepesi, asizuiliwe kupita haja, na elimu iliyopatikana iwafikie watu.

Sharti hili la mwisho ndilo tunalolivunja. Elimu ikibaki kwenye makabati ya ofisi, huku mkulima akimwaga sumu bila kujua kuwa inamuua pia anayemla kiwavi, na mtoto akiendelea kurusha manati, basi ndege yule alisumbuliwa bure. Yeye amekwishatoa gharama yake. Deni limebaki kwetu.

Wako watakaosema tuanze na binadamu. Ni kweli, na haki ya ndege haijengwi juu ya dhulma ya mtu. Hifadhi ya Ngorongoro yenyewe ilianzishwa mwaka 1959 kwa ajili ya watu na wanyama pamoja. Lakini kumfundisha mkulima kuhusu korongo si kumnyima haki yake, bali ni kumpa.

Basi maimamu na walimu wa madrasa tulifikishe hili. Na atakayeokota pete aandike namba, tarehe na mahali, awapelekee maafisa wa wanyamapori. Hiyo nayo ni amana.

Wabillahi tawfiiq.