Mizani ya Apendaye

Vijana tunawafundisha kwamba nidhamu ni kujilazimisha: uamke usipotaka, ukae kitako moyo ukiwa mwingine. Sikatai, yapo ya kujilazimisha. Ila anayeishi kwa kujilazimisha tu hafiki mbali, kwani nusu ya nguvu zake inaishia kujishika asitoroke.

Mtazame malenga Shaaban Robert: alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, akianzia forodhani mwaka 1926. Vita Kuu ya Pili ya Dunia akaitungia utenzi wa beti zipatazo 3,000. Hebu tupige hesabu. Kila ubeti una mishororo minne ya mizani nane, yaani silabi nane. Mitatu ina kina kimoja, wa nne unashika kina cha bahari, kile kinachorudi ubeti kwa ubeti hadi tamati. Ni mishororo kama 12,000, na si kazi ya mshahara.

Atungaye anaijua adha yake. Umeandika "Nimekuja kukutazama", unahesabu kwa vidole: tisa. Unapunguza, "Nimeja kukutazama": nane. Sasa kina kinagoma, unafuta yote. Kwa amri, hiyo ni adhabu. Mwenye kupenda unamwita chakula kimeiva, anajibu "naja", na haji.

Wanaodai kwamba ukipenda kazi hutachoka nao wanatudanganya. Apendaye huchoka, tena hukinai. Ninavyoona mimi, mapenzi hayamwongezei nguvu. Yanayapunguzia ladha mambo mengine. Barazani soga imenoga, anaisikia, lakini akili yake imeganda kwenye ile mizani moja iliyozidi. Hapigani na vishawishi kwa sababu vimekwisha chuja vyenyewe.

Mtego upo. Wengi wetu hatupendi kutunga, tunapenda kuitwa malenga, na penzi hilo chakula chake ni makofi. Saa tisa za usiku hakuna wa kupiga makofi. Upo pia upenzi wa kweli unaomeza nyumba nzima: mtu anajua mizani zake zote, hajui mwanawe yuko darasa la ngapi. Huo siuiti nidhamu, hata ukizaa diwani kumi. Shaaban Robert wanawe aliwatungia: Utenzi wa Hati kwa binti, Utenzi wa Adili kwa mvulana, naye akawahesabia mizani kama alivyoihesabia vita.