Ua Lililokaushwa: Tulifiche au Tulionyeshe?

Mwishoni mwa karne ya 19, Wakristo wengi waliozuru Yerusalemu walirudi makwao na vitabu vidogo vyenye majalada ya mti wa mzeituni. Ndani yake mlikuwa na maua ya nchi ile, yamebanwa, yamekaushwa na kupangwa kwa ustadi juu ya karatasi. Baadhi ya vitabu hivyo vipo hadi leo. Ua lililotunzwa gizani hukaa na rangi yake muda mrefu. Lililowekwa mwangani hupauka kidogo kidogo, na rangi ikishatoka hairudi.

Hapo ndipo swali lilipo. Tukilificha, linadumu lakini halimfai mtu. Tukilitundika ukutani, linawafurahisha wengi, nalo linaisha. Lipi lililo jema mbele za Mungu?

Wapo watakaosema kuhifadhi kwenyewe ni kazi bure, kwa kuwa Isaya 40 inatufundisha kwamba uzuri wa ua ni wa kupita. Ni kweli. Lakini anayekausha ua hashindani na fundisho hilo. Hukubali kwanza maji yote yatoke, na uhai pamoja nayo. Anachobaki nacho ni ushuhuda wa kazi ya Muumba, ambayo Bwana Yesu mwenyewe alitutaka tuitafakari katika maua ya shambani (Mathayo 6).

Basi tuipime nia. Mtumwa wa Mathayo 25 aliifukia talanta kwa hofu, wala hakuna aliyefaidika. Mwanamke wa Bethania, katika Marko 14, aliyamimina marhamu yake yote; watu wakaona hasara, Bwana akaona tendo jema. Hata hivyo, uwakili una kiasi. Mtunzaji mwema huliweka ua nyuma ya kioo, mbali na jua na unyevu, hulionyesha kwa majira, kisha hulirudisha gizani. Huko si kuficha kwa hofu. Ni kuwakumbuka watakaozaliwa kesho.

Wengi wetu tuna ua la namna hiyo ndani ya Biblia, la arusi au la msiba. Tuna pia sauti, elimu na nguvu tulizopewa. Kila mmoja ajiulize: ninamtunzia nani? Nikijitunzia mwenyewe tu, nimejifanyia sanamu. Lakini rangi iliyofifia kwa sababu wengine waliiona na kumsifu Mungu haikupotea. Ilitumika.